Msuko wa Riwaya na Habari ya Wongofu: Kuisoma Tena "Shujaa Okonkwo"

1. Utangulizi

Vijana wengi wa sharika zetu hujaribu kuandika hadithi ndefu, na baadhi yao hutuletea miswada yao tuisome kabla hawajaipeleka kwa wachapishaji. Iliyo mingi imeandikwa kwa Kiswahili safi. Mazungumzo yake yanasikika kama ya watu tunaowafahamu, na nia ya mwandishi ni njema. Hata hivyo, mara nyingi tunafika ukurasa wa mwisho bila kusadiki yaliyotokea. Kijana anaondoka kwao, anafika mjini, analewa, anafukuzwa kazi, anaugua. Usiku mmoja anapita karibu na mkutano wa Injili, anasikia neno, anatubu. Sura inayofuata amekwisha kupona na kuoa, na baba yake amemsamehe.

Wahakiki huwa wepesi kusema kwamba hadithi za namna hii zina mahubiri mengi mno. Sisi twaona kwamba tatizo liko mahali pengine. Mtu anaweza kuweka mahubiri mazima ndani ya riwaya na riwaya ikabaki hai. Kinachoziua hadithi hizi ni mpangilio wa matukio yake: jambo kubwa kuliko yote katika maisha ya mhusika linatokea bila kuandaliwa popote katika sura zilizotangulia. Wongofu umewekwa mwishoni kwa sababu mwandishi alihitaji mwisho.

Katika makala haya tunakusudia kulijadili suala la kupanga msuko wa riwaya kwa kuitazama riwaya moja, nayo ni Things Fall Apart ya Chinua Achebe, iliyochapishwa na Heinemann huko London mwaka 1958. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute iliyotolewa na East African Publishing House, Nairobi, mwaka 1973. Tumeichagua kwa sababu ndani yake kuna habari ya kijana anayeyaacha ya baba yake na kuwa Mkristo, na habari hiyo imesukwa kwa uangalifu ambao waandishi wetu wa kanisani hawana budi kujifunza. Jambo la kutafakari ni kwamba aliyeisuka hakuwa akiandika ili kumwongoa mtu yeyote.

2. Mfuatano na msuko

Kwanza yafaa tutofautishe mambo mawili. Mwandishi wa Kiingereza E. M. Forster, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1927, alitenganisha hadithi ambayo matukio yake yanafuatana tu kwa wakati, na msuko ambao matukio yake yanafungamana kwa sababu. Tutoe mfano wetu wenyewe. Tukisema kwamba mchungaji alihamishwa, kisha kwaya ikavunjika, tumetoa mfuatano. Tukisema kwamba mchungaji alihamishwa, na kwaya ikavunjika kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyeweza kuwakalisha pamoja wazee wawili waliogombania shamba, tumeanza kusuka. Msomaji wa taarifa ya kwanza huuliza ni nini kilichofuata. Msomaji wa taarifa ya pili anataka kujua juu ya lile shamba.

Lugha yetu imetupatia neno zuri kwa jambo hili. Anayesuka ukili huchukua chane, akaipitisha chini ya nyingine, ikapotea machoni, kisha ikajitokeza tena mbele. Ukili hushikamana kwa sababu ya sehemu zile ambazo chane haionekani. Na riwaya ni vivyo hivyo. Jambo linatajwa mapema, kwa sauti ndogo, msomaji analisahau. Linapojitokeza baada ya sura saba au nane, anatambua kwamba lilikuwapo muda wote. Kupanga msuko, basi, ni kuamua kila chane iingie wapi, ifichwe kwa muda gani, na itokee wapi.

Aristotle, katika kitabu chake juu ya utanzu wa tanzia, aliuweka msuko mbele hata ya wahusika. Si lazima tukubaliane naye kwa kila jambo. Lakini tukubali hili, kwamba tabia ya mhusika hujulikana kwa yale anayoyatenda pale mambo yanapombana, na ni msuko ndio unaombana.

3. Uamuzi wa kukata

Achebe alizaliwa Ogidi, mashariki ya Nigeria, mwaka 1930. Baba yake, Isaiah Okafo Achebe, alikuwa mwalimu na katekista wa misheni ya Kianglikana. Mtunzi alipoanza kazi hii alikusudia kuandika kitabu kimoja ambacho kingeanza na Okonkwo, mwanamume wa Kiigbo wa mwishoni mwa karne ya 19, na kuendelea hadi kwa mjukuu wake aliyesoma Uingereza na kurudi kufanya kazi serikalini. Baadaye aliona kwamba amejaribu kueneza mambo mengi mahali padogo. Akaugawa mswada. Habari ya Okonkwo ikawa kitabu cha mwaka 1958. Habari ya mjukuu, Obi, ikawa kitabu kingine, No Longer at Ease, mwaka 1960. Kizazi cha kati, kile cha Nwoye mwana wa Okonkwo, hakikupata riwaya yake.

Uamuzi huo ni somo la kwanza kwa anayepanga riwaya. Waandishi wetu wengi hudhani kwamba kupanga ni kuongeza: safari nyingine, ugonjwa mwingine, harusi nyingine. Achebe alipanga kwa kupunguza, na kilichobaki kikapata nafasi ya kupumua. Riwaya ina sura 25 katika sehemu tatu: 13, kisha 6, kisha 6. Wamisionari hawafiki mbele ya wahusika wetu mpaka sura ya 16. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya kitabu imetumika kutuonyesha kijiji cha Umuofia kikiwa kizima: mavuno ya viazi vikuu, mahari, mashauri yanayoamuliwa na wazee waliovaa vinyago vya mababu, mama anayemlilia mtoto mgonjwa usiku. Mtunzi asiye na subira angeanza na siku misheni ilipoingia, maana hapo ndipo mgogoro unapoonekana. Lakini msomaji hawezi kusikitikia nyumba inayobomoka kama hakupata kulala ndani yake.

Hapa tuna neno dogo juu ya jina la tafsiri. Jina la Kiingereza, ambalo Achebe alilitoa katika shairi la W. B. Yeats, linazungumzia mambo kuvunjika na kutawanyika. Jina la Kiswahili linamtanguliza mtu mmoja na kumwita shujaa. Mabadiliko haya si kosa la lugha, lakini yanaathiri jinsi msuko unavyosomwa. Anayefungua kitabu akitafuta habari za shujaa ataiona Sehemu ya Pili, ambamo Okonkwo yuko uhamishoni na hafanyi jambo kubwa, kuwa ni sehemu iliyolegea. Anayekifungua akitafuta mambo yanavyovunjika atatambua kwamba hiyo ndiyo sehemu ambamo ufa unapanuka, tena unapanukia mahali Okonkwo asipotazama. Tunawashauri walimu wanaofundisha kitabu hiki wawaeleze wanafunzi wao jambo hili mapema.

4. Chane mbili: bunduki na msitu

Hebu tuone jinsi mpango huo unavyofanya kazi. Okonkwo ni mtu anayeogopa jambo moja maisha yake yote: kufanana na baba yake Unoka, mpiga filimbi aliyekufa na madeni. Kwa sababu ya woga huo anajenga ghala, anaoa wake watatu, na anawapiga watu wa nyumbani mwake. Katika sura ya 5, siku za sikukuu ya viazi vipya, mkewe Ekwefi anamdhihaki chini ya pumzi juu ya bunduki ambayo haijaua kitu. Okonkwo anaikimbilia bunduki hiyo na kumlenga. Risasi inamkosa. Sikukuu inaendelea, na msomaji anacheka kidogo kwa hofu, kisha anasahau.

Katika sura ya 7 mzee Ezeudu anamwendea Okonkwo. Umuofia imeamua kwamba kijana Ikemefuna, aliyetolewa na kijiji kingine kuwa fidia na ambaye amekaa nyumbani mwa Okonkwo kwa miaka mitatu, auawe. Ezeudu anamwonya Okonkwo asishiriki, maana mtoto huyo anamwita baba. Okonkwo anakwenda pamoja na wauaji, na kijana anapomkimbilia akitafuta wokovu, yeye ndiye anayemkata kwa panga, kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Hakuna baraza linalomshitaki. Rafiki yake Obierika anamlaumu, basi.

Katika sura ya 13 Ezeudu huyo huyo anafariki. Katika mazishi yake watu wanapiga bunduki kwa heshima. Bunduki ya Okonkwo inapasuka na kipande cha chuma kinamwua mtoto wa marehemu, kijana wa miaka 16. Kwa kosa hili ambalo hakulikusudia, Okonkwo anafukuzwa katika nchi ya baba yake kwa miaka saba, na nyumba zake zinachomwa.

Tazama chane zilivyopita. Bunduki ile iliyokosa sasa imepata. Mzee aliyemsihi asimwage damu ya mtoto ndiye ambaye mtoto wake anamwagwa damu. Alipoua kwa kukusudia hakuadhibiwa. Alipoua bila kukusudia ameadhibiwa kama mwuaji. Mtunzi hasemi kwamba adhabu ya pili ni malipo ya kosa la kwanza, wala hamweki mhusika yeyote aseme hivyo. Ameyaweka matukio hayo mahali pake, akatuachia sisi mashaka. Laiti angeeleza, tungemkubali au kumkataa na kufunga kitabu.

Chane ya pili ni ule msitu ambao watu wa Umuofia na wa Mbanta huuogopa, mahali pa kutupia wale ambao ardhi imewakataa. Katika sura ya 3 tunaambiwa kwamba Unoka alishikwa na ugonjwa wa kuvimba, akabebwa hadi msituni na kuachwa afie huko bila kaburi. Alichukua filimbi yake. Mapacha nao hutupwa msituni. Katika sura ya 17 wamisionari wanaomba kiwanja, na wazee wa Mbanta, kwa mzaha wa kisiasa, wanawapa sehemu ya msitu huo wakitumaini kwamba watakufa upesi. Hawafi, na kwa kutokufa kwao wanapata waumini. Mmoja wao ni mwanamke mjamzito ambaye mara nne amezaa mapacha na mara nne wametupwa.

Kwa mpango wa namna hii kanisa halikuingia katika hadithi kutoka mbinguni wala kutoka Ulaya peke yake. Limejengwa mahali ambapo hadithi ilikwisha kutuonyesha kilio. Na chane hiyo haiishii hapo. Katika sura ya 25 Okonkwo, baada ya kumwua tarishi wa serikali na kuona kwamba wenzake hawatapigana, anajinyonga. Kwa desturi yao mwili wa aliyejinyonga hauguswi na watu wa ukoo wake. Obierika hana budi kuwaomba wageni waushushe na kuuzika. Mtu aliyekimbia maisha yote asifanane na baba yake amefikia mwisho kama wa baba yake: kama Unoka, hatazikwa na watu wake. Mwisho huo ulikwisha kuandikwa katika sura ya 3, nasi hatukuusoma.

5. Wongofu wa Nwoye

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu zaidi. Nwoye, mwana mkubwa wa Okonkwo, anasikia wamisionari katika sura ya 16. Tukilitazama tukio hilo peke yake, linafanana na lile la miswada yetu: kijana anapita, anasikia, moyo wake unaguswa. Tofauti ni kwamba Achebe alikuwa ameuandaa moyo huo tangu mbali.

Katika sura za mwanzo Nwoye anapenda hadithi za mama yake kuliko habari za vita za baba yake, lakini anajifunza kuuficha upendo huo ili asipigwe. Ikemefuna anapokuja, Nwoye anapata kaka. Siku Ikemefuna anapouawa, baba anarudi nyumbani usiku, na kijana anafahamu bila kuambiwa. Kitu fulani ndani yake kinalegea. Mtunzi anakumbusha mara moja kwamba hali kama hiyo ilimpata zamani kidogo, aliposikia sauti za watoto wachanga wakilia ndani ya vyungu msituni. Kisha mtunzi ananyamaza juu ya jambo hilo kwa sura nane.

Wamisionari wanapofika, mmoja anajaribu kueleza habari za Mungu na Mwanawe, na Okonkwo anamwona ni mwendawazimu. Mantiki ya Utatu Mtakatifu haimgusi Nwoye hata kidogo. Kinachomgusa ni wimbo unaosimulia ndugu wanaokaa gizani kwa hofu. Wimbo huo unalijibu swali ambalo hakuwahi kulitamka: swali la mapacha msituni na la Ikemefuna aliyeuawa. Msomaji haambiwi kwamba Nwoye ameguswa na kutakiwa asadiki. Ameguswa pamoja naye, maana yeye pia aliwasikia watoto wale, na yeye pia alimwona Ikemefuna akikimbia.

Baadaye Nwoye anachukua jina la Isaka. Mtunzi halielezi jina hilo. Lakini msomaji wa kitabu cha Mwanzo anakumbuka mlima, kuni, na baba aliyeinua kisu juu ya mwana, kisha akazuiwa. Katika nyumba ya Okonkwo kulikuwa na wana wawili waliomwita baba, na panga liliinuliwa juu ya mmoja bila sauti yoyote kulizuia. Aliyebaki amejiita kwa jina la yule aliyenusurika. Huenda wapo watakaoona kwamba tumesoma kupita kiasi. Sisi twaona kwamba msuko uliopangwa vizuri hubeba maana hata pale mtunzi asiposema neno.

6. Pingamizi moja

Ndugu msomaji anaweza kutupinga hivi: "Mnataka wongofu uwe na sababu. Lakini neema haina sababu ndani ya mwanadamu. Mungu humwita mtu ghafula, bila maandalizi. Mwandishi anayeandaa wongofu kwa sura nyingi anaugeuza kuwa kazi ya mwanadamu." Pingamizi hili ni zito, na hasa kwetu tuliolelewa katika mafundisho ya kuhesabiwa haki kwa imani haliwezi kupuuzwa.

Jibu letu linatoka kwa Luka. Hakuna wongofu wa ghafula kuliko wa Sauli katika njia ya Dameski, Matendo sura ya 9. Nuru inatoka mbinguni, Sauli hakuitafuta. Hata hivyo, Luka kama msimulizi hakumleta Sauli katika sura ya 9. Alimtaja kwanza mwishoni mwa sura ya 7, kijana ambaye miguuni pake mashahidi waliweka nguo zao walipokuwa wakimpiga Stefano kwa mawe. Katika sura ya 8 anamwonyesha akikubali mauaji hayo na kuliharibu kanisa. Na kana kwamba hiyo haitoshi, habari ya njia ya Dameski anairudia katika sura ya 22 na ya 26, na katika sura ya 22 Paulo mwenyewe anaitaja damu ya Stefano. Neema ilikuwa ya ghafula, lakini usimulizi ulikuwa umepangwa.

Kwa hiyo tusichanganye mambo mawili. Kuandaa tukio katika riwaya si kusema kwamba mhusika amelistahili, wala kwamba amelisababisha. Ni kumwonyesha msomaji jeraha kabla ya dawa. Nwoye hakujiletea wimbo ule. Lakini mtunzi alituonyesha mahali wimbo ungeangukia. Wokovu unaomwangukia mhusika asiye na jeraha linalojulikana hauonekani kuwa neema; huonekana kuwa hila ya mwandishi aliyechoka.

7. Mipaka ya mpango wa Achebe

Hatusemi kwamba kitabu hiki hakina kasoro. Habari ya Ezinma, binti ambaye Okonkwo anatamani angezaliwa mvulana, imepewa nafasi kubwa katika Sehemu ya Kwanza. Usiku ule ambao kuhani wa kike anamchukua mgongoni ni kati ya kurasa nzuri za kitabu. Katika Sehemu ya Tatu binti huyo karibu anapotea. Chane iliingizwa kwa uzuri, haikutokea upande wa pili.

Vilevile Enoki, mwongofu mwenye bidii anayemvua kinyago mzee wa mababu na kusababisha kanisa kuchomwa, anatajwa kwa mara ya kwanza katika Sehemu ya Tatu, karibu na pale anapohitajika. Tendo lake ndilo linaloleta maafa yote yanayofuata, lakini hatukumjua. Mlinganishe na Nwoye, utaona tofauti ya mhusika aliyeandaliwa na mhusika aliyeletwa. Hata mchungaji Smith, anayechukua mahali pa Brown, ameumbwa kwa ukali tu ili moto uwake. Hapo msuko umeendeshwa na haja ya mwisho, kama ilivyo katika miswada yetu, ingawa kwa ustadi mkubwa zaidi.

8. Maneno kwa wanaoandika

Kutokana na hayo tungependa kuwashauri waandishi wetu mambo machache wanapoketi kupanga riwaya kabla ya kuiandika.

Andika kwa ufupi tukio kubwa kuliko yote katika hadithi yako. Kisha rudi nyuma na utafute mahali pasipopungua matatu katika sura za mwanzo ambapo jambo hilo limeguswa bila kutajwa. Kama hupapati, usiongeze maelezo kwenye tukio lenyewe, rekebisha mwanzo.

Chukua kila sura na uulize: kama nikiiondoa, ni sura ipi nyingine itakayoanguka? Sura ambayo kuondoka kwake hakuangushi chochote ni safari ya bure, hata kama imeandikwa kwa lugha tamu. Achebe aliondoa zaidi ya sura; aliondoa kizazi.

Kipe kila kifaa muhimu nafasi ya kuonekana kabla ya kutumika. Mhusika akifa kwa ajali ya basi katika sura ya mwisho, na basi hilo halikupata kumbeba mtu yeyote katika kitabu chako, umetumia bahati mahali palipotakiwa kazi.

Na usieleze kila uhusiano uliousuka. Ukikwisha kuweka bunduki katika sura ya 5 na mazishi katika sura ya 13, nyamaza. Kihubiri ndani ya mchungaji kitataka kuongeza aya moja ya fundisho. Kizuie, maana msomaji aliyegundua mwenyewe hasahau.

9. Hitimisho

Huenda ikasemwa kwamba haya ni mambo ya ufundi tu, na kwamba jarida la theolojia lina kazi kubwa zaidi. Sisi hatukubaliani. Namna tunavyopanga hadithi ya mtu aliyegeuka inaonyesha tunavyodhani watu hugeuka. Kama katika hadithi zetu watu wanageuka bila jeraha, bila swali, bila mtu waliyempoteza, basi tumewasahau waliokuwa Wakristo wa kwanza katika vijiji vyetu wenyewe. Wengi wao walikuwa na sababu walizozijua, na wajukuu wao wangali wanazisimulia kandokando ya moto, ingawa hazikuandikwa katika kumbukumbu za usharika: mama aliyenyang'anywa watoto, kijana aliyeogopa baba yake, mgonjwa ambaye nduguze walimkimbia.

Tena yuko msomaji mwingine wa kufikiriwa. Ni yule anayesoma hadithi ya kijana aliyeongoka usiku mmoja na kupona asubuhi yake, naye amesikia mahubiri miaka kumi na nyumba yake bado ina ulevi na vipigo. Hadithi iliyopangwa vibaya inamwambia kwamba kasoro iko kwake. Hadithi iliyosukwa kwa ukweli, hata ikiishia kwa maiti ambayo ndugu hawawezi kuigusa, inamwambia kwamba kuna mtu aliyeyaona maisha kama yake na hakuyapamba. Katika Mjadala wa Heidelberg mwaka 1518 Luther aliwatofautisha wanatheolojia wa utukufu na wale wa msalaba. Tofauti hiyo inawahusu watunga riwaya pia, nayo huonekana kwanza katika ule mpango wa sura wanaouandika kabla ya kitabu.